Bomba lipimwe kuanzia nyumba ya mwisho

Jumapili iliyopita tulikaa pale ofisi ya serikali ya mtaa kuanzia saa nane mchana mpaka giza linaingia, tukaondoka hatujakubaliana kitu, watu wamenuniana, na grupu la WhatsApp tangu siku ile linawaka moto. Nimeona badala ya kuandika vimeseji vifupi vinavyopotea katikati ya matangazo ya viwanja na gesi, nikae niandike yote hapa kwa urefu, maana jambo lenyewe ni kubwa na lina hela za watu ndani yake.

Kwa ambaye hakai huku: sisi tuko Mbezi, upande wa milimani, ukishuka Mbezi Mwisho unachukua bajaji, lami inaisha, halafu unaanza kupanda. Nyumba ziko 62 kwenye barabara yetu kuanzia kule kwenye kona, ambako bomba kubwa limeishia, mpaka kwa bibi mmoja juu kabisa ambako barabara inageuka kuwa njia ya miguu. Urefu wote ni kama mita 1,400. Wenye maji ya bomba ni nyumba ya kona na jirani zake wawili basi, sisi wengine wote tunanunua. Na wala hatuko mbali na maji, hiki ndicho kinachouma, maana maji ya Ruvu Juu yanatoka Mlandizi, yanapita na Morogoro Road kwenda kwenye matenki ya Kibamba na Kimara, yaani yanapita hapa hapa mbele ya macho yetu, sisi tunayasubiri kwenye mkokoteni.

Sasa mradi uliopo mezani ni huu: wananchi tuchangie bomba letu kutoka pale kona mpaka juu, likikamilika mamlaka ya maji wapokee, wafunge mita, kila mtu alipe bili yake. Kamati ilileta makisio mawili. La kwanza bomba la inchi 2, jumla shilingi milioni 15 hivi, ukigawanya kwa nyumba 62 ni kama 240,000 kila nyumba. La pili bomba la inchi 3, jumla milioni 27.9, hiyo ni 450,000 kila nyumba. Kabla hata hatujachagua, kuna waliosema tuanze na tathmini, yaani tutafute mtu wa vipimo aje apime mlima, apime presha ya pale kona usiku na mchana kwa wiki nzima, achore mchoro, aandike mchanganuo wa gharama unaoeleweka, halafu mchoro uende mamlaka wakaupitie ndo tuanze kuzungumza habari ya inchi. Tathmini hiyo ni 1,240,000, maana yake 20,000 kila nyumba. Hapo ndo pakachimbika. "Tulipe elfu ishirini kwa ajili ya karatasi?" Hiyo sentensi nimeisikia si chini ya mara kumi jioni ile.

Mimi naandika kuwaomba majirani zangu tulipe hiyo elfu ishirini. Na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu, kwa sababu nyumba yangu iko chini, ni ya sita kutoka kona, mimi kwa inchi 2 napata maji na kwa inchi 3 napata maji, kwa hiyo silalamikii bomba langu.

Nianze na hela, maana wengi wanaona kama 240,000 au 450,000 ni mzigo mpya, wakati tayari tunaubeba kila siku, tofauti ni kwamba tunautoa kidogo kidogo hatuuoni. Kwangu tuko sita, tunatumia madumu manane ya lita 20 kwa siku, na hapo hatufui. Dumu moja huku chini ni 300, kwa hiyo 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Lita zake ukizijumlisha hazifiki hata uniti tano, maana uniti moja ni lita 1,000 ambazo ni madumu 50. Dada yangu anakaa Kimara ana bomba, kwenye bili yake uniti moja imeandikwa 1,663, kwa hiyo maji yale yale ninayotolea 72,000 yeye angelipa kama elfu nane. Ukiniambia 450,000 nafanya hesabu: naokoa kama 64,000 kila mwezi, miezi saba hela yangu imerudi. Miezi saba! Na hapo sijahesabu boza tunalochangiana nyumba tatu kila ukifika msimu wa kiangazi.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipopanda kwa bibi wiki hii, na ni aibu kwamba nimekaa mtaa huu miaka tisa bila kulijua. Bei inapanda na mlima. Dumu linalouzwa 300 kwangu, kwa bibi ni 500, kwa sababu kijana wa mkokoteni hawezi kupanda na madumu kumi na mbili, anapanda na sita, tena wanasukuma wawili. Ukipiga madumu 50 mara 500 ni 25,000 kwa uniti moja. Shilingi elfu ishirini na tano! Mara kumi na tano ya bei ya kwenye bili ya dada yangu. Bibi anaishi na mjukuu wake wa darasa la tano, wananunua madumu manne kwa siku, na namna wanavyoyatumia nitaisimulia kama nilivyoiona: madumu yamepangwa mlangoni ndani, yale ya njano ya mafuta ya kupikia, kila moja limefungwa mdomo kwa kipande cha mfuko na mpira, maji yaliyooshea mboga yanawekwa kwenye beseni la bluu, jioni yanapigia deki, yaliyopigia deki yanamwagiwa mchicha ulioko nyuma ya jiko kwenye viroba. Mchicha ule umestawi kweli. Wakati naongea naye mjukuu alikuja na kikombe kuniletea maji ya kunywa, akakijaza nusu, bibi akamwambia jaza, mgeni hapewi nusu. Niliyanywa yote nikiwa najua yamegharimu nini.

Ndo maana nimesema bomba hili lisipimwe kuanzia pale kona, lipimwe kuanzia kwa bibi. Tuulize kwanza: ili maji yafike kwenye ile nyumba ya mwisho kunahitajika nini? Tukishapata jibu, nyumba nyingine 61 chini yake zitakuwa zimejibiwa humo humo, ila tukianza na swali la bei rahisi ni ipi, tutapata bomba la nyumba thelathini za chini lililochangiwa na nyumba 62.

Na hili silitungi. Mtaa wa jirani walifanya hivyo, wengi wenu mna ndugu kule. Walichangishana, wakanunua bomba jembamba la inchi moja na nusu, wakachimba wenyewe kwa furaha na ngoma, siku ya kufungua maji wa chini wakapata, wa kati wakapata yanadondoka, wa juu wakapata upepo. Upepo kabisa, bomba linapumua tu, na wengine wanasema hata mita zilikuwa zinazunguka kwa ule upepo. Mpaka leo wa juu wananunua dumu na walichanga sawa na wenzao. Hakuna aliyewaibia, vifaa vilinunuliwa na risiti zipo, kilichokosekana ni mtu wa kupima.

Kwenye mkutano kuna kaka alisimama akasema inchi 2 na inchi 3 tofauti yake ni inchi moja tu, kwa nini tulipe karibu mara mbili. Swali zuri na sikuwa na jibu. Nikamfuata mzee mmoja hapa mtaani, fundi bomba mstaafu, amelaza mabomba ya mji huu tangu ujana wake, nikamwamkia nikamuuliza. Akaniambia mwanangu, maji hayapiti kwenye inchi, yanapita kwenye tundu. Akachora miduara miwili kwenye daftari. Tundu la inchi 3 ukilipima eneo lake ni mara mbili na robo ya lile la inchi 2, na juu ya hapo maji yanayosuguana na ukuta wa bomba ni machache zaidi, kwa hiyo kwa presha ile ile bomba la inchi 3 linapitisha karibu mara tatu ya inchi 2. Mara tatu, kwa bei isiyofika mara mbili.

Lakini akaniambia na kitu kingine, kwamba mimi na wewe tunabishana inchi wakati hatujui presha ya pale kona ni kiasi gani na mlima una kimo gani, na bila hizo namba mbili hata yeye na uzoefu wake wote hawezi kusema inchi gani inatosha. Kila mita 10 za kupanda maji yanapoteza bar 1 ya presha, hilo halibembelezwi kwa bomba nene wala jembamba, hata ungelaza bomba la kuingia mtu, mlima unachukua chake.

Basi tukaamua kupima wenyewe, kwa vifaa alivyonavyo. Alhamisi usiku tulienda nyumba ya kona, mwenye nyumba alitukubalia (Mungu ambariki, alituamkia saa nane usiku na kanga begani akatushikia tochi), mzee akafungua bomba la uani, akazungushia uzi mweupe kwenye nyuzi za koki, akafunga geji. Geji yenyewe ni ya zamani, kioo kina ufa, kubwa kama sahani ya chai. Sindano ikaruka, ikacheza cheza, ikatulia kwenye 3.2. Mzee akaandika: saa nane usiku, bar 3.2. Saa moja asubuhi watu wakiwa wamefungulia kote huko barabarani tukarudi, tukafunga tena. Sindano ikasimama kwenye 1.4. Nikadhani geji imekwama, nikaigonga kwa kidole, ikabaki pale pale.

Ijumaa tukapima mlima. Mnaujua ule mpira mweupe unaoonyesha wanaotumia mafundi waashi kutafuta leveli ya msingi, unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku mwingine kule, maji yanalingana pande zote mbili? Huo huo. Tulianzia kwenye koki ya nyumba ya kona, tunapiga alama ya chaki ukutani, tunapima kwa futi ya mkono, tunahama. Tulihamisha mpira mara 51. Watoto walitufuata, mmoja akapewa kazi ya kubeba chaki. Watu walikuwa wanatoka majumbani wanauliza mnauza nini. Saa tisa alasiri tukafika ukuta wa bibi, mzee akajumlisha kwenye daftari mara mbili, akaandika kwa chaki pale karibu na mlango: 22. Mita ishirini na mbili kutoka kona mpaka pale. Najua mpira una makosa yake, hatua 51 kila moja ikikosea kidogo mwisho si kidogo, ndo maana nataka mtu wa vipimo mwenye chombo chake, lakini hata ikiwa 21 au 23 hadithi haibadiliki.

Hadithi ndiyo hii, na naomba muisome polepole. Kupanda mita 22 ni bar 2.2. Asubuhi presha ni 1.4. Kwa hiyo asubuhi maji hayafiki juu. Si kwa inchi 2, si kwa inchi 3, hayafiki! Kumbe hata sisi tuliokuwa tunapigania inchi 3 tulikuwa tunamdanganya bibi bila kujua, tungemchangisha 450,000 halafu saa moja asubuhi anafungua koki hamna kitu.

Usiku ni tofauti. Usiku kuna 3.2, toa 2.2 za mlima, inabaki bar 1 ya kusukuma maji ndani ya bomba lote la mita 1,400. Mzee akachukulia nyumba 62, kila nyumba lita 500 kwa siku maana kuna zenye wapangaji, jumla lita 31,000, na akachukulia maji yanakuja na nguvu masaa sita tu ya usiku. Akapiga hesabu ya msuguano. Kwa inchi 2, msuguano peke yake unakula kama bar 1.2, na sisi tumebakiwa na 1, maana yake maji yanaishia njiani kabla ya nyumba za juu. Kwa inchi 3 msuguano unakula kama 0.2, inabaki 0.8 mlangoni kwa bibi, inatosha kujaza tenki lililoko chini. Tenki la chini, siyo la kwenye mnara.

Kwa hiyo jibu tulilokuwa tunaliita inchi 3 kumbe si inchi 3 peke yake. Ni inchi 3, halafu kila nyumba kuanzia katikati kwenda juu iwe na simtanki dogo chini linalojaa usiku, halafu sisi wa chini tufunge boya kwenye matenki yetu ili yakijaa yajifunge yasimwagike usiku kucha yakawanyima wa juu, halafu pengine valvu katikati ya mlima. Au mtu wa vipimo atakuja na njia nyingine kabisa, tenki moja la pamoja pale juu kwa mfano, sijui na siyo kazi yangu kujua. Hayo yote hayapo kwenye makisio ya kamati, hata moja. Wala siilaumu kamati, walijitolea, wametembea ofisi kwa ofisi kwa nauli zao, lakini waliombwa walete bei ya bomba wakaleta bei ya bomba.

Sasa rudini kwenye ile elfu ishirini. Ni madumu 66 kwa bei ya huku chini, siku nane za nyumba yangu. Tunaulizana kama tutoe maji ya siku nane ili tusitupe milioni 15 kwenye bomba litakalowapa upepo nusu ya mtaa. Kuna aliyeandika kwenye grupu kwamba tukilipa tathmini na mradi usifanyike hela imepotea. Haijapotea, tutakuwa na mchoro wenye vimo vya mtaa wetu, siku yoyote mamlaka au mbunge au mfadhili akija tunamwekea mezani, haanzi na kuuliza tunataka nini. Hela inayopotea ni ile inayofukiwa kwenye mtaro.

Kuna hoja nyingine ambayo naiheshimu zaidi, ya kwamba hata bomba likiwa sawa, maji yenyewe yapo? Mwishoni mwa Oktoba 2022 wote tunakumbuka, Ruvu ilipungua maji sana, mgao ukatangazwa, uzalishaji wa jiji ukashuka mpaka kama lita milioni 300 kwa siku wakati mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikiwa sawa inatoa milioni 466, yaani 196 na 270. Ruvu Juu ni ya 1959 na Ruvu Chini ya 1976, zimepanuliwa ndiyo, ila mto ni ule ule mmoja na watu wameongezeka. Bwawa la Kidunda kule Morogoro lenye uwezo wa lita bilioni 190 ndilo la kushikilia maji ya masika yatumike kiangazi. Kwa hiyo ndiyo, kuna miezi tutakaa na mabomba makavu, sitadanganya mtu. Lakini katika ule mgao wa 2022 nani aliumia zaidi? Mwenye bomba alipata zamu yake, usiku wa manane au vyovyote lakini alipata, akajaza. Sisi tuliambiwa boza limepanda, na likapanda kweli, na hatukuwa na zamu kwa sababu hatumo kwenye ratiba. Hata kuwemo kwenye mgao ni lazima uwe na bomba kwanza. Na kama maji ni machache, ndo sababu zaidi ya kuyapima vizuri ule usiku mmoja yanapokuja.

Na visima msiniambie. Vilivyochimbwa huku viwili vina chumvi, sabuni haitoi povu, na cha tatu kiko karibu mno na vyoo vya watu. Nilikuwepo hapa Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza Dar, sitaki kurudi kule.

Mgawanyo wa hela, kwa kifupi maana huu tutauongea Jumapili. Wengine wanataka kila nyumba sawa, wengine kwa vyumba maana mwenye wapangaji wanane hawezi kulingana na bibi, wengine wanataka viwanja vitupu navyo vilipe. Mimi naona kiwanja kitupu kilipe, bomba likipita bei ya kiwanja inapanda na mwenyewe anajua, mtafuteni kwa simu hata kama yuko Mwanza. Mwenye vyumba vya kupangisha aongeze kidogo, na asiuhamishie mzigo mpangaji kwenye kodi mwezi ule ule. Elfu ishirini ya tathmini iwe sawa kwa wote, ya mradi iwe kwa awamu, hata miezi sita, kuna watu kutoa 450,000 kwa mkupuo ni ada ya mtoto. Na tukubaliane mapema, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao na wote tusaini, kuhusu asiyechanga leo akaja kuomba kuunganishwa mwakani, maana ugomvi huo ndo unaovunja mitaa, mtu anaona jirani aliyemcheka wakati anachimba leo anachota bomba lake.

Hela isipite mfukoni mwa mtu, hata mfukoni mwangu. Ile ya mamlaka ilipwe kwa kontrol namba kama malipo yote ya serikali, ile ya kwetu iingie akaunti ya mtaa yenye saini tatu, risiti ipigwe picha iwekwe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Tuliwahi kuchanga elfu hamsini hamsini miaka ya nyuma kwa ajili ya barabara, kilichotokea mnakijua, mtaro nusu na maneno mengi, na nadhani nusu ya hasira ya Jumapili ilikuwa ya ile hela, siyo ya bomba. Mama mmoja alisema wazi, mimi siyo kwamba sina, mimi nimechoka kutoa. Namwelewa kabisa. Hakuna namna ya kumjibu huyu mama kwa maneno, ajibiwe kwa risiti.

Maswali ya kumuuliza mtu wa mamlaka tukimwalika, nimeyaandika ili tusiulize wote kitu kimoja: bomba likishakuwa lenu, likipasuka nani anatengeneza na kwa siku ngapi? Mtaruhusu mtaa mwingine kuunganisha juu yake, na mkiruhusu ile 0.8 ya bibi itabaki? Kuna namna yoyote gharama tuliyochanga irudi kidogo kidogo kupitia bili? Mtatuingiza zamu gani? Hilo la mtaa mwingine ndo linaniogopesha kuliko yote, kwa sababu ng'ambo ya bonde kuna nyumba nyingi kuliko zetu na nao wanasubiri maji hayo hayo, na siwezi kusema wasipewe, ila mtu wa vipimo awahesabu na wao tangu sasa, pengine hata inchi 3 haitatosha na ni bora tuambiwe leo kabla hatujafukia.

Mpaka jana jioni nyumba 38 zimekubali kutoa ya tathmini, kamati imesema zikifika 45 wanamwita mtu wa vipimo. Zinakosekana saba. Nyingi za hizo zilizobaki ziko huku chini, kwetu, na naelewa, maana huku ukifungua macho unaona bomba pale kona, unaona ni suala la kuunganisha tu.

Kikao ni Jumapili hii saa nane, pale pale. Mimi nitakuja na daftari la mzee, hesabu zote zimo, atakayetaka kuzikosoa azikosoe, mzee mwenyewe amesema anataka akosolewe. Na kwa ambaye haamini hizo namba, Jumamosi usiku tunafunga tena geji nyumba ya kona, saa nane usiku, halafu saa moja asubuhi, mwenye nyumba ameshakubali. Njoo na tochi yako, usigonge geti kwa nguvu kuna mtoto mchanga, sogea karibu na ile geji yenye ufa, subiri sindano itulie, usome mwenyewe.